Hadithi Itoke Kwenye Telefone



Juma lililopita, mkutano ulipokwisha, mama mmoja alitushika mkono na kutuuliza: "Walimu, munasema intaneti inasaidia watoto kusoma. Mi niko na telefone ya vifungo tu, na mimi mwenyewe sikusoma. Sasa mtoto wangu atasaidiwa na nani?" Tulilibeba swali hilo mpaka nyumbani. Leo tunajaribu kulijibu. Na kwa kuwa jibu letu lilitoka katika makosa yetu sisi walimu, tutaanza na makosa hayo.

Mtoto aliyesoma bila kusoma

Mwaka jana tulikuwa na mtoto msichana katika mwaka wa tatu. Hatutamtaja jina. Ana sauti nzuri. Ukimpa kitabu anasimama wima, anaweka kidole chini ya mstari na kusoma bila kukwama. Wageni wakija darasani, yeye ndiye tuliyemsimamisha. Siku moja upepo uligeuza ukurasa wa kitabu chake, naye hakuona. Aliendelea kusoma ukurasa ule wa kwanza mpaka mwisho, na kidole chake kilikuwa kinatembea chini ya maneno mengine kabisa. Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka. Tulielewa kwamba kwa miaka zaidi ya miwili mtoto huyu alikuwa anasikiliza wenzake na kushika maneno kichwani, na kwamba pointi zote tulizompa zilikuwa pointi za masikio yake.

Mama yake anauza mchele sokoni. Kila asubuhi anavuka mto kwa mtumbwi, na anarudi jioni. Tulipomwita na kumwambia, alisikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake vizuri, akasema: "Basi uyu mtoto hana kichwa ya masomo. Kisha Pasaka atakuja kunisaidia kuuzisha."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayepiga hesabu. Ana watoto watano, na mikono yake ni miwili. Tulimwomba atuachie mtoto mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Akafikiri kidogo, akajibu: "Mpaka mwisho wa mwaka, sawa. Lakini nione kitu."

Wamama, mtoto huyu si peke yake. Mwaka wa 2022 Benki ya Dunia ilieleza kwamba katika inchi yetu, kati ya watoto 100 wanaofikia mwisho wa umri wa masomo ya msingi, 97 hawawezi kusoma andiko fupi na kulielewa. Tangu mwezi wa 9 mwaka wa 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure. Watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani, na hilo ni jambo jema sana. Lakini fanyeni hesabu pamoja nasi: mwalimu mwenye watoto 60, akimsikiliza kila mmoja kwa dakika moja tu, saa nzima imekwisha. Na dakika moja haimtoshi mtoto anayeteseka na herufi. Ndiyo sababu mtoto mwenye kujificha nyuma ya sauti za wenzake anaweza kufika mwaka wa tatu, hata wa tano, bila mtu kumjua.

Maktaba isiyo na mlango

Vitabu vyetu darasani ni vichache, na vingine vimeliwa na mchwa. Kwa hiyo tulianza kutafuta hadithi katika intaneti, na tulizipata. Tunawaambia majina ili vijana wenu wanaojua telefone wawatafutie.

Kuna maktaba inayoitwa African Storybook. Ilianzishwa na shirika la Afrika Kusini linaloitwa Saide, na tangu mwaka wa 2014 hadithi zake zinasomwa bure kwa intaneti, katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwa kati yao. Kuna nyingine inayoitwa StoryWeaver, ambayo shirika la India, Pratham Books, lilifungua mwaka wa 2015. Nayo ina hadithi za Kiswahili. Kuna na ya tatu, Global Digital Library, iliyoanza mwaka wa 2018.

Mambo matatu yanazifanya maktaba hizo zitufae. La kwanza, hakuna malipo. Mtu akiwaomba franka kwa ajili ya hadithi yenyewe, anawadanganya. Mtalipa mega za kuishusha na karatasi ya kuichapa, basi. La pili, hadithi zimepangwa kwa ngazi: zile za neno moja ao sentensi moja kwa ukurasa ziko mahali pake, na zile ndefu mahali pake. La tatu, wenye hadithi hizo wameruhusu watu kuzinakili, kuzichapa, kuzitafsiri na hata kubadilisha maneno, mradi jina la mwandishi na la mchoraji libaki. Si lazima kuiba. Ni zawadi.

Tulifurahi sana. Tulisema moyoni: sasa tatizo limekwisha. Hapo ndipo tulipokosea.

Telefone moja, macho 60

Mwalimu mmoja kati yetu alileta telefone yake ya kugusa. Alikuwa ameshusha hadithi usiku, wakati mtandao unapumua. Asubuhi tuliiinua mbele ya darasa. Mnafikiri nini kilitokea? Watoto hodari walikimbia mbele. Wale dhaifu, ambao hadithi zililetwa kwa ajili yao, walibaki nyuma wakiona mabega ya wenzao. Wakapiga kelele kwa ajili ya picha. Wakati wa mapumziko kila mtoto alikuwa anaweza kusimulia hadithi yote, lakini hakuna aliyekuwa ametazama hata neno moja. Siku ya tatu moto wa telefone uliisha katikati ya hadithi, na umeme haukuwako kwa siku mbili.

Na yule msichana wetu? Siku ya pili alisimama akasoma hadithi ile mpya bila kukwama. Alikuwa ameishika yote kichwani, kama zamani. Tulikuwa tumempa tu kitu kipya cha kujificha ndani yake.

Hapo tulikumbuka jambo lililofanyika jirani, Tanzania, katika mkoa wa Tanga. Kulikuwa na shindano kubwa la dunia, XPRIZE, la kutafuta programu inayoweza kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu yeye mwenyewe. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili, zikichajiwa kwa nguvu za jua. Mwanzoni, zaidi ya watoto 90 kati ya 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kisha miezi 15, hesabu hiyo ilishuka mpaka nusu. Mwezi wa 5 mwaka wa 2019 makundi mawili, onebillion na Kitkit School, yaligawana zawadi ya dola milioni 10.

Sisi tunasoma habari hiyo kwa pande mbili. Upande mmoja unatia moyo: watoto wengi waliokuwa hawajawahi kuketi darasani walianza kusoma, na walisoma kwa Kiswahili, lugha yetu. Upande wa pili unatuonya: kila mtoto alikuwa na tableti yake mkononi, kwa miezi 15, na bado wengi hawakufika. Kama tableti nzima kwa kila mtoto haikumaliza kazi, telefone moja mbele ya watoto 60 itaimaliza namna gani?

Basi tulibadilisha njia. Tulisema: intaneti itatuletea hadithi, kama vile mtumbwi unavyoleta mzigo. Lakini mzigo ukifika ngambo, mtu hakai ndani ya mtumbwi. Anaushusha.

Namna tunavyofanya sasa

Kwanza tunapima. Katika Kenya, Uganda na Tanzania ilianza mwaka wa 2009 kazi inayoitwa Uwezo, ambapo watu walipita nyumba kwa nyumba na karatasi ndogo, wakimwomba mtoto asome silabi, kisha maneno, kisha mistari michache, kisha hadithi fupi. Tuliiga wazo hilo. Kila mtoto alikuja peke yake, chini ya mwembe, mbali na masikio ya wenzake. Pale anapokwama, hapo ndipo tunapoanza naye, hata kama ni mwaka wa tano. Msichana wetu alikwama kwenye silabi. Alijua a, i na u. Alichanganya ba na da, ma na na.

Pili, tunachagua hadithi fupi kuliko tunavyotaka. Mwalimu anapenda hadithi nzuri ndefu yenye mafundisho. Mtoto anayeteseka anahitaji ukurasa wenye sentensi moja ya maneno manne, ambao ataumaliza, na moyo wake useme: nimeweza.

Tatu, tunashusha mara moja tu. Hadithi yenye maandishi na picha inakula mega chache. Video inakula nyingi. Tunaenda mahali penye mtandao mzuri, tunashusha hadithi kumi kwa siku moja, tunafunga mtandao, na hatuurudii kwa mwezi mzima. Hadithi ikishaingia, telefone haihitaji tena mtandao. Na wale vijana wa sokoni wanaotia nyimbo ndani ya telefone za watu wanaweza kutia na hadithi, kutoka telefone moja mpaka nyingine, bila mega yoyote.

Ine, na hili ndilo kubwa, tunaitoa hadithi kwenye telefone. Tunaiandika kwa herufi kubwa juu ya karatasi za mifuko ya simenti, tulizozipangusa vizuri, na tunaitundika ukutani. Karto za sabuni tunazikata vipande vidogo na kuandika silabi: sa, ma, ki, so, ko. Watoto wanazipanga chini, katika mavumbi, na kujenga neno. Neno likivunjika wanalijenga tena. Telefone haina vumbi; lakini mtoto anajifunza kwa mikono.

Tano, tunakutana nusu saa mbele ya masomo kuanza, watoto watano ao sita tu, waliopangwa kwa ngazi yao, si kwa darasa lao. Mwalimu anasoma akionyesha kila neno. Kisha wanasoma pamoja naye. Kisha kila mmoja anasoma peke yake. Mtoto wa mwaka wa tano akiketi na wa mwaka wa pili, anaona haya kwa siku mbili. Siku ya tatu anaanza kumsaidia yule mdogo, na haya zinakwisha.

Samaki mrefu na samaki mfupi

Sasa tunafika kwenye swali la mama wa juma lililopita: mimi sikusoma, nitafanya nini?

Mama muuza mchele naye hakusoma. Tulimpa karatasi moja yenye hadithi fupi ya mtu aliyekwenda sokoni kununua samaki. Tulimwomba jambo moja tu: kila jioni, dakika kumi, amsikilize mtoto na kumwambia aweke kidole chini ya neno.

Siku ya posho hakuja. Siku ya kwanza ya juma lililofuata alisimama mlangoni kabla ya kengele, na kikapu kichwani. Akasema: "Mwalimu, mtoto wangu anawadanganya. Na mimi nimemukamata."

Alitueleza. Jioni moja, chini ya mwanga wa toshi, alimwambia mtoto: "Unionyeshe samaki." Mtoto akaonyesha. "Unionyeshe tena samaki mahali pengine." Mtoto akaonyesha. Mama akasogeza toshi, akatazama huku, akatazama kule. Hajui herufi, lakini maisha yake yote anachambua mchele na kutenga jiwe na punje. Akasema: "Samaki ya huku ni mrefu, samaki ya huku ni mfupi. Ni samaki gani hiyo?" Mtoto alikuwa ameonyesha neno soko.

Wamama, tulisoma miaka mitatu kule juu, tukapata diploma yetu ya mambo ya kufundisha, na hatukufundishwa jambo hilo. Mama asiyejua kusoma anaweza kupima kama mtoto wake anasoma kweli. Neno moja likiandikwa mahali pawili linafanana, kama punje mbili za mchele wa aina moja. Mtoto akionyesha vitu viwili visivyofanana na kusema ni neno moja, hajasoma, amekisia. Tangu siku ile tunawafundisha wazazi wote njia ya yule mama. Tunaiandika hapa ili nanyi muitumie leo jioni:

Mtoto asome hadithi na kidole chini ya neno. Mkono wako ufunike picha. Mwambie akuonyeshe neno fulani, kisha alitafute mahali pengine, na wewe utazame kama yanafanana. Mwambie aanze kusoma kutoka sentensi ya mwisho, ao ya katikati. Aliyeshika kichwani atapotea, anayesoma ataendelea. Mwishoni muulize: "Hadithi imesema nini? Na wewe ungefanya nini?" Akikwama, usimpige, usimwite mjinga. Sema tu: "Tutazame tena." Dakika kumi, basi. Zikiisha, mwache akacheze.

Kisamvu ni sombe

Jambo lingine ambalo wamama wanalijua kuliko telefone ni lugha ya nyumbani.

Hadithi nyingi za Kiswahili katika maktaba hizo ziliandikwa na watu wa Kenya na Tanzania. Kiswahili chao na chetu ni ndugu, lakini hawakulelewa nyumba moja. Siku moja watoto walifika kwenye neno kisamvu, wakanyamaza wote. Waliweza kulisoma, ki-sa-mvu, lakini hawakuona kitu mbele ya macho. Tulipowaambia kwamba kisamvu ni sombe, walicheka kwa furaha. Kitabu kilisema baiskeli, wao wanasema kinga. Kitabu kilisema watoto wanakwenda shuleni, wao wanakwenda masomo.

Tumeamua hivi: kwa mtoto anayeanza, tunapoandika hadithi kwenye mfuko wa simenti tunaweka neno la Kindu. Akisoma neno na kuonja sombe mdomoni, anajua kwamba kusoma ni kuelewa. Akiisha kuimarika, tunamrudishia neno la kitabu, ili aweze kusoma chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili, kutoka hapa mpaka Mombasa. Hatulidharau neno la nyumbani na hatumnyimi mtoto lile la kitabu.

Lakini kuna wazazi wanaotuuliza: "Mbona Kiswahili? Mtoto anakijua tayari. Tunataka Kifaransa." Tunaelewa. Kifaransa kiko katika mitihani na katika kazi za ofisi. Hata hivyo, sheria ya mafundisho ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka wa 2014 inazipa lugha za taifa nafasi yake darasani, na kuna sababu. Mtoto anajifunza kusoma mara moja tu katika maisha. Akiisha kujua kwamba alama hizi ni sauti, ujuzi huo anaubeba mpaka lugha nyingine. Na Kiswahili ni mlango mwepesi: a ni a kila mahali, u ni u kila mahali. Katika Kifaransa sauti yetu ya u inaandikwa kwa herufi mbili, o na u, na herufi u yenyewe ina sauti nyingine. Mtoto aliyeanza na fujo hiyo, katika lugha asiyoisikia nyumbani, anafanya nini? Anafanya kama msichana wetu: anashika kichwani na kuimba. Kwa hiyo anayetaka mtoto ajue Kifaransa vizuri, amwache kwanza asome Kiswahili vizuri.

Kundi linaweza kufanya nini

Hatuombi kila mama anunue telefone ya kugusa. Wamama wa likelemba wanajua jambo hili kuliko sisi: kitu ambacho mmoja hawezi, kumi wanaweza. Tunapendekeza hivi kwa kila kundi la wanawake.

Tafuteni telefone moja ya kugusa katika kundi, ya mama ao ya kijana mwaminifu. Mara moja kwa mwezi, kila mmoja atoe franka kidogo kwa ajili ya mega, na kijana ashushe hadithi kumi za ngazi ya chini. Mtu mzima azitazame zote mbele ya watoto. Zile mbili ao tatu nzuri zaidi, zichapeni kwenye nyumba ya fotokopi ao mziandike kwa mkono. Wekeni karatasi ndani ya mfuko wa plastiki ili mvua isizile, na mfuko uzunguke nyumba kwa nyumba, kama likelemba inavyozunguka. Juma hili uko kwa mama huyu, juma lijalo kwa mwingine. Kisha mwaka mmoja mtaa wenu utakuwa na maktaba.

Telefone yenyewe isibaki na mtoto usiku, na asiachwe peke yake ndani ya intaneti. Mle hadithi nzuri na mambo mabaya vinakaa jirani. Na mtoto asiandike jina lake ao mahali anapokaa kwa mtu asiyemjua. Hadithi ikishashushwa, fungeni mtandao. Mtoto asome hadithi, mengine yangojee.

Nione kitu

Mtauliza juu ya msichana wetu.

Mwisho wa mwaka tulimpa karatasi ambayo hakuwahi kuiona, sentensi sita. Mama yake alikuwa ameketi nyuma, kikapu miguuni. Mtoto alianza. Alikwama kwenye neno la tatu, akalivunja silabi kwa silabi, akalipata. Alikwama tena katikati, akarudi nyuma, akajirekebisha mwenyewe. Ilichukua muda mrefu. Wenzake walianza kusogeza miguu. Zamani alikuwa anasoma haraka kitu asichokiona. Siku ile alisoma polepole kitu alichokiona. Kwa masikio ya mgeni, alikuwa ameharibika. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisoma.

Hatutawaficha: pointi zake hazikutosha, na alirudia mwaka wa tatu. Tulikuwa na woga wa kumwambia mama. Alikunja karatasi ya pointi, akaitia ndani ya kitenge, akasema: "Nimeona kitu. Arudie." Leo mtoto bado yuko darasani kwetu. Siku ya posho anavuka mto pamoja na mama yake kuuzisha mchele, na tumeambiwa kwamba anasoma kwa sauti maandishi ya kila mfuko anaoupita, mpaka wauzaji wengine wanamwambia anyamaze.

Mwanzoni mwa mwaka huu mama huyo alituomba karatasi mbili za silabi. Moja ni ya mtoto wake mdogo, aliyeingia mwaka wa kwanza. Ya pili hatukuuliza ni ya nani.

Wamama, kila mmoja wenu aliye na mtoto wa masomo, amwite leo jioni na kitabu chochote. Amwambie aonyeshe neno moja mahali pawili. Kama yanafanana, mshukuruni Mungu na mumpe hadithi nyingine. Kama hayafanani, msimpige na msione haya. Njooni mtuone, nusu saa mbele ya kengele. Mko na nafasi kwenye mkeka wetu.



Sisi walimu wenu